Kusomea tiba lishe chuo kikuu hadi kusajiliwa: naomba mwongozo wa waliotangulia

BintiWaVoi

Shikamooni wakubwa wangu, na wenzangu nawasalimu.

Nilimaliza kidato cha nne na kupata wastani wa B- katika mtihani wa KCSE. Biolojia nilipata B, Kemia B-, Hisabati C+ na Kiswahili A-. Sasa ninajiandaa kuchagua kozi kupitia KUCCPS, chombo cha serikali kinachowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, na moyo wangu umetua kwenye shahada ya lishe na tiba lishe, yaani kutumia chakula katika kumtibu mgonjwa. Naomba nieleze kwanza kilichonifikisha hapo, ili mtakaponishauri mjue mnamshauri nani.

Nyanya yangu ameishi na kisukari tangu nikiwa darasa la tatu. Mwanzoni alipewa karatasi yenye picha ya sahani, na katika sahani ile mlikuwa na vyakula ambavyo sijawahi kuviona vikiuzwa katika soko la Voi. Aliambiwa pia kwa mdomo aache ugali. Akauacha kwa utiifu kamili, akawa anakula chapati nne asubuhi na mkate mweupe jioni, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwamba ngano nayo ni wanga. Sukari ikazidi kupanda, na kila mara alipokwenda kliniki alikaripiwa kwamba hafuati maagizo. Mwaka juzi alikuja mtaalamu mwingine wa lishe, mama mpole wa makamo, akamwambia nyanya siku ya kliniki inayofuata aje na bakuli analolia nyumbani. Nilikuwepo. Alilipokea lile bakuli la bati, akaligeuzageuza, akatoa kalamu ya wino usiofutika na kuchora mstari kwa ndani, kisha akasema: “Mama, ugali wako unaishia hapa. Hapa juu pote ni pa mchicha na kunde.” Mstari ule bado upo, ingawa umefifia kwa kusuguliwa, na nyanya huniita niuchore upya kila unapokaribia kupotea.

Ninataka kuwa mtu anayeweza kuchora mstari kama ule akijua kwa nini anauchora mahali pale.

Ninachoomba kujua ni kama kemia ya chuo kikuu katika kozi hii ni nzito kiasi cha kumshinda mwanafunzi wa kiwango changu. Kama ni afadhali nianze na stashahada kisha nipande, au niende moja kwa moja kwenye shahada. Na usajili wenyewe unakwendaje baada ya kuhitimu. Baba yangu, ambaye ndiye atakayenilipia, anaamini kwamba hii ni kozi ya upishi iliyopewa jina kubwa, na ananihimiza nisomee ualimu. Sitaki kushindana naye bila kuwa na la kumwambia.

Wadi_ya_Watoto

Marahaba, mdogo wangu. Ninafanya kazi ya lishe katika hospitali ya kaunti, huu ukiwa mwaka wangu wa kumi na mbili, na zaidi ya nusu ya miaka hiyo nimeipitisha katika wadi ya watoto. Nitaanza na swali la baba yako, kwa kuwa baba yangu mwenyewe aliwahi kuniuliza hilohilo, na kwa kuwa mengine yote yanalitegemea.

Mpishi hujua chakula. Sisi hutakiwa kujua chakula, kujua pia kinachotendeka mwilini mwa mgonjwa baada ya kukimeza, na kuweza kukitolea hesabu. Chukua mfano wa mtoto aliyeletwa wadini leo asubuhi akiwa na utapiamlo mkali: ana zaidi ya miezi sita, mzingo wa mkono wake wa juu haufiki sentimita 11.5, hana uvimbe, na uzito wake ni kilo 6. Huyo haanzi na uji wala maziwa ya ng'ombe. Huanzishiwa maziwa ya tiba yaitwayo F-75, yenye kilokalori 75 katika kila mililita 100, kwa kiasi cha mililita 130 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Ukizidisha kwa sita unapata mililita 780, na ukigawa kwa milo kumi na miwili, yaani kila baada ya saa mbili usiku na mchana, kila mlo unakuwa mililita 65. Mtoto wa uzito huohuo akija amevimba mwili mzima kwa kwashakoo, hesabu hushuka hadi mililita 100 kwa kilo, kwa sababu sehemu ya uzito ule ni maji na moyo wake hauwezi kubeba zaidi. Katika wadi yetu muuguzi nami husomeana hesabu hiyo kwa sauti kabla maziwa hayajakorogwa, maana nukta ya desimali ikikaa pasipo pake mtoto anaweza kutufia.

Mililita 65 ni kidogo sana machoni pa mama aliyetembea na mtoto mgonjwa tangu alfajiri. Wengi hulia wakikiona kikombe. Hapo ndipo kemia unayoiogopa inapotakiwa kugeuka kuwa Kiswahili. Mwili uliokaa na njaa kwa muda mrefu huwa umejifunza kuishi kwa kidogo. Ukiujaza chakula ghafla, insulini hupanda, na insulini hiyo huvuta fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu na kuziingiza ndani ya seli, hata damu ikabaki na upungufu ambao moyo hauwezi kuuvumilia. Mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia wafungwa wa vita waliokuwa wamekondeana waliachiliwa na kulishwa kwa wingi, kwa nia njema kabisa, na baadhi yao wakafariki baada ya kuanza kula. Mimi humwambia mama kwamba jiko lililozimika haliwashwi kwa kutupiwa gogo. Huanzwa na vijiti vidogo, na gogo huja baadaye. Baada ya siku chache, hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukipungua, tunaliongeza hilo gogo: F-100, maziwa ya tiba yenye nguvu zaidi, au ile siagi ya karanga ya tiba iliyo katika pakiti za gramu 92, ambayo kila pakiti ina kilokalori 500. Mwambie baba yako akae na hesabu hiyo ya kwanza kwa dakika tano, kisha aamue kama ni upishi.

Kuhusu uzito wa kemia, sitakudanganya: ipo, na haikwepeki. Shahada huchukua miaka minne, na miaka miwili ya mwanzo ni biokemia, fiziolojia, anatomia, mikrobiolojia, kemia ya chakula na takwimu, kabla hujapewa nafasi ya kumkaribia mgonjwa. Lakini mwenye B- katika Kemia ana msingi wa kutosha, ikiwa hatasoma kwa kukariri. Niliosoma nao waliofeli hawakuwa wenye alama za chini kutoka shule ya upili. Walikuwa wale waliodhani kwamba mzunguko wa Krebs, yaani hatua ambazo seli hupitia kupata nguvu kutoka kwenye chakula, ni mchoro wa kujaza mtihani, wasiwahi kuuliza una uhusiano gani na mgonjwa wa kisukari anayekonda huku anakula.

Sasa usajili. Nchini Kenya taaluma hii inasimamiwa na sheria ya mwaka 2007, iliyounda taasisi ambayo sote huiita KNDI, na ambayo kazi yake ni kusimamia mafunzo, usajili na leseni za wataalamu wa lishe na wa tiba lishe. Cheti cha chuo peke yake hakikuruhusu kumhudumia mgonjwa. Unahitimu katika kozi inayotambuliwa, unafanya mtihani wa taasisi, unasajiliwa, kisha unapewa leseni ambayo unaihuisha kila mwaka, na ili kuihuisha unatakiwa uonyeshe kwamba umeendelea kujifunza. Ukija kuomba kazi katika kaunti yoyote, nambari ya usajili na leseni iliyo hai ndivyo vitu vya kwanza watakavyoviangalia.

Kati ya stashahada na shahada, mimi ningeenda moja kwa moja kwenye shahada kwa alama ulizo nazo, kwa kuwa umevuka C+ ambayo ndiyo mlango wa chuo kikuu. Hata hivyo usimdharau aliyepitia stashahada. Waliotoka KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, mara nyingi hufika wadini wakiwa na mikono iliyozoea kazi kuliko sisi tuliotoka chuo kikuu, na aliyenifundisha kuweka na kutunza mrija wa kulishia puani alikuwa mwenye stashahada. Kama ada ndiyo kikwazo, njia hiyo ni ya heshima na inaruhusu kupanda baadaye.

Kazi zipo ila haziji haraka. Tangu huduma za afya zilipokabidhiwa kaunti mwaka 2013, ajira nyingi za serikali hutangazwa na bodi za kaunti, na kaunti moja inaweza kukaa miaka bila kuajiri mtu wa lishe. Wenzangu wengi walianzia katika mashirika yanayohudumia Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, au katika kambi za wakimbizi za Dadaab na Kakuma. Ukiwa tayari kuishi mbali na nyumbani kwa miaka michache ya mwanzo, hutakaa bila kazi muda mrefu.

MwakaWaTatu_Njoro

Dada, mimi niko mwaka wa tatu wa kozi hiyohiyo, kwa hiyo nitaongeza yale ambayo mkubwa wetu hapo juu huenda ameyasahau kwa kuwa ameyapita zamani.

Biokemia ilinitoa jasho, na niliirudia. Kilichonisaidia ni zoezi moja tulilopewa na mhadhiri wetu, la kuandika safari ya tonge moja la ugali tangu mdomoni hadi linapokuwa nguvu ndani ya seli ya msuli, bila kuruka hatua hata moja na bila kutumia neno ambalo hatuwezi kulieleza. Lilinichukua wiki mbili. Nilipolimaliza, nusu ya muhula ilikuwa imejieleza yenyewe.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni kwamba kupima watu ni kazi ya ustadi. Nilidhani mizani ni mizani na futi ni futi. Katika mafunzo ya nyanjani tulikwenda kwenye zahanati moja ya kijijini kupima watoto. Mtoto aliye chini ya miaka miwili hupimwa urefu akiwa amelazwa ubaoni, na kazi hiyo inahitaji watu wawili: mmoja anashika kichwa kikae sawa, mwingine ananyoosha magoti na kusogeza kibao cha miguuni. Mtoto wangu wa tatu alikuwa akilia na kukunja miguu, mama yake alikuwa akitazama kwa huruma, nami nikasoma kipimo haraka ili nimwachilie. Msimamizi alitulia, akaniambia nirudie. Tofauti ilikuwa sentimita tatu. Alinikalisha nje chini ya mwembe akanionyesha kwenye jedwali: kwa urefu wangu wa uongo, uzito wa mtoto yule ulionekana kuwa unamtosha, kwa urefu wake wa kweli, alikuwa amekonda kiasi cha kuhitaji matibabu. Kama nisingerudia angerudishwa nyumbani. Tangu siku hiyo simwachilii mtoto mpaka magoti yamenyooka, alie asilie.

Halafu kuna kuuliza watu walichokula katika saa 24 zilizopita. Ukimuuliza mtu umekula nini jana, atakuambia “chakula cha kawaida.” Ukiuliza kiasi, atasema “kidogo tu.” Tunafundishwa kubeba vikombe, vijiko na bakuli za vipimo vinavyojulikana, na kumrudisha mtu nyuma mlo kwa mlo bila kumfanya aone kwamba anahukumiwa. Chai huwa ndiyo husahaulika, na sukari ya chai ikafuatana nayo. Mama mmoja alinitajia milo mitatu isiyo na tatizo lolote, na nilipouliza kuhusu chai akakumbuka vikombe sita, kila kimoja vijiko vitatu. Kisa cha nyanya yako kilinigusa kwa sababu hiyo: mtu aliyezoea kukaripiwa kliniki hasemi alichokula, husema anachodhani unataka kukisikia.

Kuhusu gharama, mbali na karo ujiandae kwa nauli na malazi wakati wa mafunzo ya hospitalini, maana unaweza kupangiwa mji usiokuwa na jamaa. Omba mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, mapema, usingoje.

MzaziWaKericho

Binti, mimi si mtaalamu. Ni mzazi, na ninaandika ili yaliyotupata yasikupate.

Mtoto wangu wa kwanza alisomea lishe katika chuo kimoja cha binafsi ambacho sitakitaja. Matangazo yao yalikuwa mazuri, majengo ni mazuri, na ada ilikuwa inalipwa kidogo kidogo, jambo lililotufaa sana. Tuliuza ng'ombe wawili katika mwaka wa kwanza. Hakuna siku tuliyouliza kama kozi ile ilikuwa inatambuliwa na KNDI, kwa kuwa hatukujua kwamba swali hilo lipo. Alihitimu, tukafanya sherehe, jirani zetu wakala wali. Alipokwenda kuomba kufanya mtihani wa usajili ndipo alipoambiwa kwamba kozi yake haimo katika orodha. Chuo kilituambia tusubiri, kwamba utambulisho uko njiani. Tulisubiri mwaka mzima na miezi kadhaa. Mwishowe alianza upya katika chuo kingine, baadhi ya masomo yake yakakubaliwa na mengi yakakataliwa, na leo anamaliza akiwa na umri ambao wenzake walikuwa tayari na miaka minne kazini.

Kwa hiyo kabla baba yako hajatoa shilingi moja, nendeni nyinyi wenyewe kwa KNDI, si kwa chuo, mkaulize kwa maandishi: kozi hii, kwa jina hili kamili, katika kampasi hii, inatambuliwa? Ninasisitiza jina kamili, maana nimejifunza kwamba kozi mbili zinaweza kukaribiana majina, moja ikakufikisha kwenye usajili na nyingine isikufikishe. Na ninasisitiza maandishi kwa sababu sisi tulipewa maneno matupu.

Mtaalamu wa wadi hapo juu amesema kweli kuhusu kazi. Mimi naona kazi ikichelewa mtu huvumilia. Kinachouma ni kusoma miaka mitatu kisha kuambiwa hukusoma.

Mswahili_Minnesota

Poleni, mzazi. Maneno yako yanastahili kusomwa na kila anayejaza fomu mwaka huu.

Mimi nilipata shahada yangu ya lishe Kenya, nikafanya kazi Nairobi kwa miaka minne, kisha nikahamia Marekani kwa sababu za kifamilia. Binti hajauliza kuhusu nje, lakini swali hilo humfika kila mwanafunzi wa kozi hii mapema au baadaye, na wapo mawakala wanaowaambia vijana kwamba shahada ya Kenya inawapeleka moja kwa moja hospitalini huku. Haiwapeleki.

Hapa jina la mtaalamu wa tiba lishe aliyesajiliwa hutolewa na tume iitwayo CDR, na kuanzia tarehe 1 Januari 2024 mtu hawezi kuufanya mtihani wake wa kwanza bila kuwa na shahada ya uzamili. Mimi niliyeanza safari kabla ya tarehe hiyo bado nilihitaji vyeti vyangu vitathminiwe na wakala anayetambuliwa, nikaambiwa masomo niliyopungukiwa, nikayasoma, ndipo nikaingia kwenye mafunzo ya vitendo chini ya usimamizi, ambayo hayapungui saa 1,000. Mtihani wenyewe hufanywa kwenye kompyuta na una maswali 125 hadi 145, kwa kuwa kompyuta hukuongezea maswali kadiri inavyotafuta kiwango chako. Majimbo mengi yana leseni yake mbali na usajili huo. Uingereza njia ni nyingine: huko jina la mtaalamu wa tiba lishe linalindwa kisheria, na hakuna anayeruhusiwa kulitumia bila kusajiliwa na HCPC, baraza linalosajili wataalamu wa afya, ingawa mtu yeyote anaweza kujiita mtaalamu wa lishe kwa maana ya jumla. Wenzangu waliokwenda huko wakidhani majina hayo mawili ni kitu kimoja walipata shida.

Nilichokileta kutoka nyumbani, na ambacho hakuna darasa la huku lingenipa, ni kujua watu wanakula nini. Minneapolis ina Wasomali wengi, na wamo waliopitia Dadaab au Eastleigh wanaozungumza Kiswahili. Mzee mmoja mwenye kisukari alikuwa amewakatalia wataalamu wawili kabla yangu. Aliletwa kwangu akiwa na karatasi inayomwambia apunguze tambi za Kiitaliano, na ni kweli hula tambi, lakini hakuna aliyekuwa amemuuliza kuhusu anjera ya asubuhi, ule mkate mwembamba wa Kisomali, sukari ya shahi, yaani chai yao, wala mwezi wa Ramadhani uliokuwa umebaki wiki tatu. Tuliongea kwa Kiswahili saa nzima. Tulipanga futari yake tende kwa tende, tukapanga daku asiiache, na nikampigia daktari wake simu kuhusu kubadilisha saa za dawa, kwa kuwa dawa ya asubuhi kwa mtu anayefunga inaweza kumwangusha sukari mchana. Nimesoma miaka mingi, binti, lakini siku ile nilifaulu kwa sababu najua sambusa huliwa ngapi.

Morogoro_Lishe

Habari zenu majirani. Naongezea kidogo kutoka Tanzania, kwa kuwa wapo Watanzania watakaosoma hapa wakadhani mambo ni yaleyale.

Kwetu Taasisi ya Chakula na Lishe ipo tangu mwaka 1973, na wengi wetu tumesomea shahada ya lishe ya binadamu pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kazi inayotungoja zaidi ni ya afisa lishe katika halmashauri, ambayo ni ya jamii kuliko wadi: kukaa na watendaji wa kata, kusimamia bajeti ya lishe, kwenda vijijini kupima watoto na kuzungumza na wazazi. Anayetaka hasa kukaa kitandani pa mgonjwa aulize mapema chuo kinampa muda gani hospitalini kwa vitendo, maana hapo vyuo hutofautiana sana.

Nimpe baba wa binti hoja moja. Iringa ni mkoa unaolisha wengine kwa mahindi. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, asilimia 56.9 ya watoto wake walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 30. Chakula kipo ghalani. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto amebaki na uji mweupe mara mbili kwa siku, na maharage na maziwa yameuzwa. Upishi pekee hautatui hilo, na kilimo pekee kimeshindwa kulitatua.

BintiWaVoi

Nawashukuru nyote, na mzazi wa Kericho nakushukuru zaidi, kwa sababu najua haikuwa rahisi kuandika.

Nilimsomea baba majibu yote jana jioni. Nilipofika kwenye yule mtoto wa kilo 6 aliniambia niache kusoma kwanza, akachukua kalamu na nyuma ya risiti ya duka akazidisha na kugawa mwenyewe. Alipopata 65 alikaa kimya kidogo, kisha akaniuliza: “Na akiwa na kilo saba na nusu?” Tukaifanya pamoja. Hajasema ndiyo, lakini wiki ijayo ana safari ya Nairobi na amesema atapitia KNDI na jina kamili la kozi likiwa limeandikwa.

Nimebaki na wasiwasi mmoja. Hisabati nilipata C+. Je, itanifaa?

Wadi_ya_Watoto

Itakufaa. Hisabati tunayoitumia kila siku ni uwiano, asilimia, desimali na kubadilisha vipimo, na unachohitaji ni kuifanya bila kukosea ukiwa umechoka saa nane za usiku. Takwimu za chuo ni ngumu zaidi, lakini hufundishwa tangu mwanzo. Hongera kwa baba. Kwa mtoto wa kilo saba na nusu asiye na uvimbe mlipaswa kupata mililita 81 na kitu, na wadini tungempa 80.

Wakati unasubiri chuo, nikupe kazi. Serikali na FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, zilichapisha majedwali ya viambata vya vyakula vya Kenya mwaka 2018, na yanapatikana bure kwenye intaneti. Chukua lile bakuli la nyanya, tafuta mizani ya jikoni, na upime ugali unaofika kwenye ule mstari una gramu ngapi. Pima siku tatu tofauti, kwa kuwa mkono wa mpishi haufanani kila siku. Kisha tafuta kwenye jedwali una wanga kiasi gani, uzidishe gramu hizo kwa nne upate kilokalori zake, ufanye hivyohivyo kwa chapati nne za zamani, ukumbuke na mafuta yake, ambayo kila gramu ni kilokalori tisa. Ukimaliza, andika hapa ulichopata, na uniambie pia nyanya husonga ugali wa unga gani.